Brown-Séquard: munganga wa kisiwa cha Morisi aliyetafuta nguvu za kiume ndani ya sindano

BUKAVU – Kwenye soko la Kadutu, sawa na kwenye masoko mengi ya Kongo, mwanaume anayetafuta dawa ya nguvu hakosi muuzaji. Kuna mizizi, kuna maganda ya miti, kuna unga ndani ya chupa ndogo, na siku hizi kuna vidonge na sindano kutoka ng'ambo. Mara nyingi mnunuzi ananunua kwa siri. Asipoona mabadiliko, anaona haya kurudi kulalamika. Akiona mabadiliko, anawaambia rafiki zake, na biashara inaendelea.

Wachache wanajua kwamba zaidi ya miaka 130 iliyopita mmoja wa wanganga wakubwa wa dunia alipita njia hiyohiyo. Tofauti ni kwamba yeye hakuficha. Alisimama mbele ya wenzake mjini Paris, akaeleza kila kitu alichojifanyia mwilini mwake, hadi mambo ambayo wanaume wengi hawawezi kuyasema hata kwa munganga wao. Jina lake lilikuwa Charles-Édouard Brown-Séquard. Alizaliwa kwenye kisiwa cha Bahari ya Hindi, upande wetu huu wa Afrika. Alikosea vibaya sana juu ya dawa yake, lakini kosa lake lilifungua mlango wa elimu ya homoni ambayo leo inatibu mamilioni ya watu.

Mtoto asiyemjua baba yake

Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, kisiwani Morisi, tarehe 8 mwezi wa nne 1817. Kisiwa kilikuwa kimetoka mikononi mwa Wafaransa miaka saba tu mbele, na Waingereza ndio waliokuwa wakitawala. Mashamba yake ya miwa yalilimwa na watumwa walioletwa kutoka Msumbiji, Madagaska na pwani ya Afrika Mashariki. Utumwa huo ulikomeshwa kisiwani mwaka wa 1835, wakati Brown-Séquard alikuwa kijana wa miaka 17.

Baba yake, Charles Edward Brown, alikuwa kapiteni wa meli kutoka Philadelphia, Marekani. Alipotea baharini pamoja na meli yake kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, aliyetoka katika ukoo wa Kifaransa wa Séquard, alimulea peke yake, akitafuta riziki kwa kushona nguo. Baadaye mtoto aliunganisha majina yote mawili, la baba ambaye hakumuona na la mama aliyemulisha, na ndivyo dunia inavyomujua hadi leo.

Kijana alifanya kazi dukani, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vitabu. Mwaka wa 1838 yeye na mama yake walipanda meli kwenda Ufaransa. Alikuwa na maandishi yake ndani ya sanduku, na alitumaini kuwa mwandishi wa hadithi na michezo ya kuigiza. Huko Paris alimuonyesha Charles Nodier, mwandishi aliyejulikana sana wakati ule. Nodier alimushauri atafute kazi nyingine. Basi akaingia masomo ya unganga.

Masomo yalikuwa magumu, na pesa zilikuwa kidogo. Mama yake alifariki akiwa bado mwanafunzi, na kijana alivunjika moyo hata akakatiza masomo kwa muda na kurudi Morisi. Kisha alijikaza, akarudi Paris, na mwaka wa 1846 akapata diplome yake ya udaktari.

Jina linalosomwa Bukavu hadi leo

Andiko lake la kumaliza masomo lilihusu kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa ya mgongo. Hiyo ndiyo njia kubwa kati ya ubongo na mwili: amri zinashuka kupitia humo, na habari za maumivu, joto na mguso zinapanda kupitia humo. Wakati ule wanganga wengi waliamini kwamba habari zote za upande wa kuume wa mwili zinapanda upande huohuo wa mgongo.

Brown-Séquard alikata nusu moja ya kamba hiyo kwa wanyama, upande mmoja tu, kisha akaangalia. Aliona jambo la kushangaza. Mguu wa upande uliokatwa ulipoteza nguvu, lakini uliendelea kusikia maumivu. Mguu wa upande wa pili ulitembea vizuri, lakini haukusikia tena maumivu wala joto. Maana yake ni kwamba njia za maumivu zinavuka kwenda upande wa pili ndani ya mgongo wenyewe, kabla ya kufika kwenye ubongo.

Hali hiyo hutokea pia kwa watu, hasa mtu akichomwa kisu au kupigwa risasi mgongoni na jeraha likakata upande mmoja. Inaitwa kwa jina lake. Mwanafunzi wa unganga kwenye Université Officielle de Bukavu, Université Catholique de Bukavu au Université Évangélique en Afrique hawezi kumaliza somo la neva bila kukutana na jina la mwana huyu wa Morisi.

Mwili wake ulikuwa labo yake

Hakuwa na cheo wala mshahara mzuri. Alifuga kobayi, wale wanyama wadogo ambao familia nyingi za Kivu ya Kusini hufuga kwa ajili ya nyama, na alifanyia majaribio ndani ya nyumba yake. Alipokosa mnyama wa kujaribia, alijijaribia mwenyewe. Siku moja alimeza sponji iliyofungwa kwenye uzi, kisha akaivuta nje ili apate maji ya tumboni ayachunguze. Kurudia jaribio hilo kulimuachia ulemavu: chakula kilikuwa kikirudi mdomoni baada ya kula, na tabia hiyo ya tumbo haikumutoka hadi mwisho wa maisha.

Mwaka wa 1848 alikuwa kati ya waanzilishi wa Société de Biologie ya Paris. Lakini siasa ilimuondoa. Alikuwa mtu wa jamhuri, na Louis-Napoléon Bonaparte alipochukua madaraka kwa nguvu mwishoni mwa mwaka wa 1851, aliona hatari. Mwaka wa 1852 alivuka bahari kwenda Marekani, inchi ya baba yake. Huko alitoa masomo na kuzalisha wanawake kwa malipo madogo. Alioa mke wa kwanza kati ya wake watatu ambao angeoa katika maisha yake.

Mwaka huohuo wa 1852, mjini Philadelphia, alionyesha jambo ambalo lingekuwa na maana kubwa baadaye. Claude Bernard, mwanasayansi mkubwa wa Ufaransa, alikuwa amekata neva fulani kwenye shingo ya sungura na kuona sikio likipata moto na kujaa damu. Brown-Séquard alipitisha umeme kidogo kwenye neva hiyo iliyokatwa, na sikio likapoa. Alieleza sababu: neva zinafunga na kufungua mishipa ya damu. Kwa hiyo neva zinaweza kuongoza kazi ya kiungo kwa kupunguza au kuongeza damu inayokifikia.

Kolera ya Morisi

Mwaka wa 1854 alirudi nyumbani Morisi, na muda mfupi baadaye kolera ikafika kisiwani. Wakaaji wa kandokando ya ziwa Kivu hawahitaji kuelezwa kolera ni nini. Wengi bado wanakumbuka mwaka wa 1994, wakati ilipoua makumi ya maelfu ya wakimbizi upande wa Goma kwa wiki chache tu.

Wakati ule wanganga wengi hawakujua kwamba kolera inaletwa na mdudu anayepita ndani ya maji machafu. Wazo la kumurudishia mgonjwa maji na chumvi lilikuwa limeshajaribiwa Uingereza lakini halikukubalika. Brown-Séquard alipewa kusimamia hospitali ya wagonjwa wa kolera. Alitaka kujua kama laudanamu, dawa inayotokana na afyuni, inaweza kuizuia. Basi akameza matapishi ya wagonjwa, kisha akameza laudanamu kwa wingi. Kidogo afe, na inaonekana dawa yenyewe ndiyo iliyomuangusha. Alipona. Ugonjwa ulipokwisha, wakaaji wa kisiwa walimutengenezea medali ya dhahabu ya kumushukuru.

Mtu wa namna hiyo hakukaa mahali pamoja. Alifundisha miezi michache Richmond, kusini mwa Marekani. Huko alijipaka vernisi mwili mzima ili ajue kazi ya ngozi, na akakutwa karibu kufa. Alirudi Paris, akaenda London, ambako alikuwa kati ya wanganga wa kwanza wa hospitali mpya ya wagonjwa wa kupooza na kifafa. Wagonjwa walimiminika kwake hata akakosa muda wa kuchunguza, na akaacha. Kuanzia 1864 alikuwa profesa Harvard, Boston. Alivuka bahari ya Atlantiki mara nyingi sana. Ni mwaka wa 1878 tu alipopata kiti cha kudumu, pale alipochukua nafasi ya Claude Bernard aliyefariki, kwenye Collège de France mjini Paris.

Tezi zinazomwaga ndani ya damu

Kati ya safari hizo kulikuwa na uchunguzi mmoja ambao ulikaa rohoni mwake. Mwaka wa 1855 munganga Mwingereza Thomas Addison alieleza ugonjwa wa watu wanaokonda, wanaochoka kupita kiasi na ngozi yao kugeuka rangi, kisha wanakufa. Aliona kwamba tezi ndogo mbili zilizo juu ya figo zao zimeharibika. Mwaka uliofuata Brown-Séquard aliziondoa tezi hizo kwa wanyama. Walikufa haraka. Wengine walimupinga, kwa kuwa panya fulani waliweza kuendelea kuishi bila tezi hizo. Lakini hoja yake ilikuwa na nguvu: tezi ambazo hazina mfereji wala tundu la kutolea kitu nje, lakini ambazo mwili hauwezi kuishi bila hizo, lazima zinatoa kitu fulani ndani ya damu.

Wazo hilo halikuwa geni kabisa kwa upande wa korodani. Kila mfugaji anajua kwamba beberu aliyehasiwa ananenepa, anatulia na hagombani tena. Mwaka wa 1849, kule Göttingen, Ujerumani, Arnold Berthold alihasi majogoo wachanga. Waliacha kuwika, na upanga wao ukasinyaa. Kisha aliwawekea wengine korodani ndani ya tumbo, mahali ambapo neva zake za kawaida zilikuwa zimekatwa. Jogoo aliwika tena, akagombana tena, na upanga ukakua. Kwa hiyo kilichofanya kazi kilipitia ndani ya damu. Matokeo hayo yalisahauliwa miaka mingi.

Brown-Séquard yeye alikuwa akizeeka. Alikuwa na miaka 72. Alikuwa akichoka baada ya nusu saa ya kusimama labo, alilala vibaya, na ngazi zilimushinda. Alijiuliza: ikiwa mtu aliyehasiwa anakosa nguvu, je, unyonge wa uzee hauletwi na korodani zinazopunguza kile zinachotoa?

Tarehe 1 mwezi wa sita 1889

Katikati ya mwezi wa tano 1889 alianza kujidunga sindano chini ya ngozi. Ndani yake mlikuwa maji yaliyotengenezwa kwa korodani za mbwa mwenye nguvu, na baadaye za kobayi. Alizisaga pamoja na maji kidogo, kisha akachuja. Aliongeza damu kutoka mishipa ya korodani na mbegu za mnyama.

Tarehe 1 mwezi wa sita alisimama mbele ya Société de Biologie na kutoa ripoti. Alipima nguvu za mkono wake kwa chombo, akaona zimeongezeka kwa kilo kadhaa. Alikuwa akifanya kazi labo masaa mengi amesimama. Alipanda ngazi mbio kama zamani. Hata mkojo wake, alieleza, ulikuwa ukifika mbali zaidi, na alikuwa ameupima. Akili yake ilifanya kazi hadi usiku. Alisema wazi kwamba wengine wanapaswa kurudia jaribio, kwa sababu anaweza kuwa amejidanganya mwenyewe kwa kutamani. Hilo ndilo onyo ambalo watu walilisikia kidogo kuliko yote.

Wasikilizaji wengine walicheka, wengine waliona aibu kwa ajili ya mzee. Lakini magazeti yaliichukua habari, na ikaruka hadi Marekani kwa wiki chache. Wafanyabiashara walianza kuuza chupa za maji ya uzima. Maelfu ya wanganga walidunga wagonjwa wao. Dawa chafu ziliwatia wengine sumu ya damu. Brown-Séquard mwenyewe hakutajirika. Yeye na mwenzake Arsène d'Arsonval waliwapa wanganga maji hayo bure, wakiomba tu watoe ripoti. Jina lake ndilo lililouzwa.

Kwa nini hayakuweza kufanya kazi

Leo jibu linajulikana. Homoni kubwa ya korodani ni testosteroni. Ilipatikana ikiwa safi mwaka wa 1935, wakati kundi la Ernst Laqueur huko Amsterdam lilipotoa miligramu 10 kutoka kilo 100 za korodani za ng'ombe dume. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuonyesha shida. Mwili wa mwanaume mzima unatengeneza karibu miligramu 5 hadi 7 kila siku, na korodani haiweki akiba. Inatengeneza na kuachilia, inatengeneza na kuachilia. Zaidi ya hayo, testosteroni haiyeyuki vizuri ndani ya maji, na maji ndiyo aliyotumia.

Mwaka wa 2002 watafiti wa Australia walitengeneza tena dawa yake kwa korodani za mbwa, wakifuata maelezo yake. Walipima na kukuta testosteroni kidogo mno, isiyoweza kubadilisha kitu mwilini. Nguvu alizozipata mzee zilitoka kwenye matumaini yake mwenyewe. Chombo cha kupimia hakikudanganya. Mtu anayeamini kwamba amepata nguvu anakaza mkono zaidi.

Lakini angalia kilichotokea kwa wazo lenyewe. Mwaka wa 1891 Brown-Séquard na d'Arsonval walilipanua: si korodani tu, viungo vingi vinamwaga vitu ndani ya damu ili kuongoza viungo vingine. Mwaka huohuo, huko Uingereza, George Murray alimudunga mwanamke mgonjwa dawa iliyotokana na tezi ya shingo ya kondoo. Mwanamke huyo, aliyekuwa amevimba na kulegea kwa sababu tezi yake imekufa, alipona na kuishi miaka 28 zaidi. Tofauti ilikuwa moja: tezi ya shingo inaweka akiba kubwa ya homoni yake. Wazo la mzee lilikuwa sahihi, ila alikuwa amechagua tezi isiyoweka akiba.

Wakaaji wa kisiwa cha Idjwi wanaijua tezi hiyo vizuri. Uvimbe wa shingo ulikuwa mwingi sana kisiwani kwa sababu ya kukosa ayodini, hata Idjwi ikawa moja ya mahali palipochunguzwa sana duniani juu ya ugonjwa huo. Chumvi yenye ayodini na tiba ya homoni ya tezi ni matunda ya elimu ileile. Neno homoni lenyewe lilitungwa Uingereza na Ernest Starling mwaka wa 1905, miaka 11 baada ya Brown-Séquard kufa.

Kile asichokiona: mazungumzo ndani ya korodani

Baada yake wengine walipita kiasi. Serge Voronoff, munganga mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Paris, alianza mwaka wa 1920 kushonea wanaume vipande vya korodani za sokwe. Matajiri walilipa pesa nyingi, na sokwe walikamatwa porini Afrika. Mwili hukataa nyama ngeni, na vipande hivyo vilikufa. Anayewatembelea sokwe yatima wanaotunzwa Lwiro, karibu na mbuga ya Kahuzi-Biega, anaweza kufikiri gharama ya ndoto hiyo kwa wanyama.

Elimu ya kweli ilipitia njia nyingine, ya kutazama korodani kwa darubini na kuuliza nani anamuamrisha nani. Wajerumani na Wataliano walikuwa wameshaanza. Mwaka wa 1850 Franz Leydig alieleza chembe zilizo katikati ya mirija ya korodani, na mwaka wa 1865 Enrico Sertoli alieleza chembe zilizo ndani ya mirija. Leo inajulikana kwamba chembe za Leydig zinatengeneza testosteroni, na chembe za Sertoli zinalea mbegu kama mama anavyolea mtoto. Kazi ya kutengeneza mbegu moja inachukua zaidi ya miezi miwili.

Amri kubwa inatoka kichwani. Tezi ndogo chini ya ubongo inatuma homoni mbili: moja inaamsha chembe za Leydig, nyingine inaamsha chembe za Sertoli. Lakini korodani si mtumishi anayesubiri amri tu. Ndani yake chembe zinazungumza kila wakati. Testosteroni inavuka kutoka kwa Leydig hadi kwa Sertoli, nayo ndani ya korodani ni nyingi mara makumi kuliko ilivyo kwenye damu. Chembe za Sertoli zinarudisha inhibini, homoni inayoambia tezi ya kichwani ipunguze amri, na vitu vingine vinavyopunguza au kuongeza kazi ya jirani zao. Hata oksitosini, inayojulikana zaidi kwa kukaza tumbo la mwanamke anapozaa, inasaidia mirija ya korodani kusukuma mbegu mbele.

Kisha kuna neva. Neva zinazofika kwenye korodani zinaachilia noradrenalini, ambayo inafunga mishipa ya damu na pia inagusa kazi ya chembe za Leydig. Vitu vingine ambavyo ubongo unatumia kupeleka habari, kama serotonini, GABA na vitu vya jamii ya afyuni ambavyo mwili unajitengenezea, vimepatikana ndani ya korodani yenyewe. Majaribio kwa panya yameonyesha kwamba ubongo unaweza kupunguza testosteroni kupitia njia ya neva, bila kupitia amri ya homoni za kichwani. Hii ni moja ya njia zinazofikiriwa kueleza jinsi msongo wa mawazo na pombe vinavyogusa uanaume.

Hapa maisha ya Brown-Séquard yanaonyesha jambo la kushangaza. Mtu huyu alitumia nusu ya maisha yake kwenye neva, na nusu nyingine kwenye tezi. Yeye ndiye aliyeonyesha neva zikiongoza damu kwenye sikio la sungura, na yeye ndiye aliyesema tezi zinaongea kupitia damu. Ndani ya korodani mambo hayo mawili yanakutana mahali pamoja. Alikuwa na funguo zote mbili mkononi, lakini chombo cha kuonyesha kufuli hakikuwapo bado.

Mwisho wake, na kinachobaki

Brown-Séquard alifariki mwanzoni mwa mwezi wa nne 1894, akiwa amebakiza siku chache tu kufikisha miaka 77. Sindano hazikumuongezea miaka. Miaka yake ya mwisho ilijaa magonjwa, na mke wake wa tatu alifariki kabla yake. Aliacha mamia ya maandishi ya kisayansi. Mengine yalikuwa na makosa makubwa, kama imani yake kwamba kobayi aliyepewa kifafa na mwanadamu anakirithisha kwa watoto wake. Mengine bado yanafundishwa kila mwaka.

Kwa mwanaume wa Bukavu anayesimama mbele ya meza ya dawa, hadithi hii ina mafunzo yanayogusa nyumba yake. La kwanza ni kwamba kujisikia na nguvu baada ya kutumia dawa si ushahidi kwamba dawa inafanya kazi. Profesa wa Collège de France alijisikia hivyo kwa maji yasiyo na kitu.

La pili ni zito zaidi. Testosteroni ya sindano ya leo, tofauti na maji ya Brown-Séquard, ina nguvu kweli. Mwanaume anayejidunga bila munganga anaiambia tezi ya kichwani kwamba homoni imejaa. Tezi inanyamaza. Korodani, kwa kukosa amri, inaacha kutengeneza testosteroni yake, na ile iliyokuwa nyingi mara makumi ndani yake inashuka. Mbegu zinapungua, na zinaweza kuisha kabisa. Misuli inakua, lakini uzazi unafungwa, na kurudi kwake kunaweza kuchukua miezi mingi. Anayetafuta mtoto kwa njia hiyo anaenda kinyume na safari yake.

La tatu linahusu wake zao. Katika familia nyingi za hapa, mtoto akikosekana, mwanamke ndiye wa kwanza kupelekwa kwa wanganga, na mara nyingine ndiye wa kwanza kufukuzwa. Lakini shida ya uzazi hutoka pia kwa mwanaume, na mwanaume anaweza kuwa na nguvu zote kitandani huku mbegu zake zikiwa kidogo. Kipimo cha mbegu kinafanyika labo, hakiumizi, na kinatoa jibu ambalo hakuna chupa ya sokoni inayoweza kulitoa. Mzee wa miaka 72 alithubutu kusimama mbele ya wanasayansi wa Paris na kuhesabu mkojo wake unafika wapi. Kuingia ofisi ya munganga pamoja na mke kunahitaji ujasiri mdogo kuliko huo.